Mabati na Mafuvu: Urithi wa Karibiani Ukisomwa kutoka Mukuru

1.0 Utangulizi

Uhusiano wa wasomi wa Nairobi na visiwa vya Karibiani si wa jana. Mnamo 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza chuoni Nairobi, fasihi ya Karibiani ilikuwa miongoni mwa fasihi walizotaka zipewe nafasi katika mtaala mpya. Miaka mitatu baadaye, yaani 1971, mshairi na mwanahistoria wa Barbados, Edward Brathwaite, alikuja Nairobi. Huko Limuru nyanya yake Ngũgĩ alimpa jina la Kamau, nalo ndilo jina lililomtambulisha kama mwandishi hadi alipofariki mwaka 2020. Kwa upande mwingine, wakazi wa mitaa ya Eastlands waliipokea Karibiani bila mtaala wala ufadhili. Waliipokea kupitia muziki wa rege na sura za Bob Marley zilizochorwa ubavuni mwa matatu na kwenye kuta za vinyozi.

Mwaka 2022 ilifunguka njia ya tatu, ya mafundi kwa mafundi. Katika maonyesho ya sanaa ya documenta, yaliyofanyika kwa mara ya 15 katika mji wa Kassel, Ujerumani, kuanzia tarehe 18 Juni hadi 25 Septemba, walialikwa wasanii wa kundi la Wajukuu Art Project kutoka kijiji cha Lunga Lunga, Mukuru, na wasanii wa kundi la Atis Rezistans kutoka Grand Rue, Port-au-Prince, Haiti. Kila kundi lilipewa mahali pake. Wajukuu walionyesha katika ukumbi wa documenta Halle. Wahaiti walionyesha katika kanisa Katoliki la Mtakatifu Kunigunda, mtaani Bettenhausen, mashariki mwa mji.

Makala haya yanadai kwamba maonyesho hayo mawili yanafaa kusomwa pamoja, na kwamba yakisomwa kutoka Mukuru, na kwa Kiswahili, yanafichua jambo ambalo maelezo mengi ya Kassel hayakuligusa. Jambo lenyewe ni hili: urithi katika kazi hizi ni tendo la kuunga vilivyovunjika, na tendo hilo haliwezi kuhakikiwa na mtu anayeishia kwenye malighafi. Aidha, makala yanapendekeza kipimo cha kutathmini kazi ya namna hii: je, kazi ikirudishwa nyumbani ilikotoka, bado itakuwa na la kusema?

2.0 Mitaa Miwili

Mukuru ni jina la makazi yaliyoenea kando ya eneo la viwanda la Nairobi, yakiwemo Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Mto Ngong unapita humo ukiwa umebeba taka za viwanda na za nyumba. Wakazi wake ni wa jamii nyingi za Kenya. Waliletwa na kazi za vibarua viwandani au na matumaini ya kuzipata. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili pamoja na Sheng. Nyumba zao ni za mabati. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, hatua iliyokusudiwa kuleta barabara, maji na huduma nyingine bila kuwahamisha wenyeji. Hata hivyo, Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yalibomoa nyumba za Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao.

Grand Rue nayo ni barabara kuu ya katikati ya Port-au-Prince, inayoitwa rasmi kwa jina la Jean-Jacques Dessalines, mwasisi wa taifa la Haiti. Vichochoro vyake vilikuwa karakana: mafundi wa magari, wauza vipuri kuukuu, na wachonga vinyago vya kuuzia watalii. Kutokana na mazingira hayo walitokea André Eugène, Jean Hérard Celeur na wenzao, wakaanza kuunda sanamu kwa mbao, matairi, vipande vya injini na mafuvu ya binadamu. Eugène aliigeuza nyumba yake kuwa jumba la makumbusho. Mwaka 2009 kundi hilo lilianzisha maonyesho yao wenyewe, Ghetto Biennale, yakiwaita wasanii wa nje waje wafanye kazi Grand Rue. Wiki chache baada ya maonyesho hayo ya kwanza, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi liliiharibu Port-au-Prince.

Mfanano wa mitaa hii miwili uko wazi, lakini ni mfanano unaoweza kumpotosha mhakiki. Yote miwili iko kando ya karakana. Yote miwili imewahi kubomolewa, mmoja na ardhi na mwingine na serikali. Ni rahisi basi kusema kwamba wasanii wake wanazungumza jambo moja, nalo ni umaskini. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

3.0 Tatizo la Istilahi

Sanaa inayoundwa kwa vitu vilivyotupwa imepewa majina mengi, na karibu yote yanataja kilichotumika badala ya kinachosemwa. Huitwa sanaa ya taka, au sanaa ya vitu kuukuu. Majina haya yana dhana iliyofichika: kwamba msanii ametumia mabati kwa kuwa hakuwa na marumaru. Mhakiki wa fasihi hawezi kukubali hoja kama hiyo katika fani yake. Hakuna anayesema kwamba Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita kwa kukosa lugha nyingine. Lugha ya mshairi huchukuliwa kuwa mfumo wenye historia na kaida zake. Mabati na vyuma kuukuu navyo vinastahili kutazamwa hivyo.

Kwa upande wa Haiti, historia hiyo inajulikana. Kabla ya Atis Rezistans alikuwako Georges Liautaud, mhunzi wa Croix-des-Bouquets, aliyekuwa akifua misalaba ya chuma ya makaburini na ambaye kazi yake ilitambuliwa na wapenzi wa sanaa katika miaka ya 1950. Kutoka kwake ilikua shule nzima ya wasanii wanaokata sanamu kutoka mapipa ya mafuta. Hivyo chuma kilichotupwa kilikuwa lugha ya sanaa nchini Haiti kabla ya Eugène na Celeur kukishika. Kwa upande wa Nairobi, fundi wa jua kali hutengeneza jiko, sanduku la shule na karai kutokana na bati la pipa. Msanii wa Mukuru anapolichukua bati hilo, anachukua kitu ambacho tayari kina matumizi, bei na kumbukumbu katika maisha ya watu wake.

Mshairi wa Saint Lucia, Derek Walcott, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1992, aliufananisha utamaduni wa Karibiani na chombo kilichovunjika, akaona kwamba upendo wa anayeviunga vigae una nguvu kuliko wa aliyekipokea chombo kikiwa kizima. Mawazo hayo yanafaa kwa kazi za Grand Rue. Yanaifaa Mukuru pia, ingawa kwa tahadhari: watu wa Karibiani walivunjwa kwa utumwa, ilhali wakazi wa Mukuru wametengwa na makwao kwa sababu za ardhi, ajira na mji. Uzito wa mapigo hayo si sawa. Kinachofanana ni kazi ya kuunga.

4.0 Mafuvu Kanisani

Maonyesho ya Wahaiti yalisimamisha sanamu zao ndani ya kanisa. Mtazamaji aliingia mahali pa ibada akakutana na miili ya mbao na chuma yenye vichwa vya mafuvu halisi. Kwa mtazamaji wa Ulaya aliyelishwa na filamu za kutisha, fuvu na Vodu ni maneno mawili ya hofu. Usomaji huo una kasoro kubwa.

Katika imani ya Vodu, wafu wana jamii yao ya pepo, inayoitwa Gede, na mkubwa wao hujulikana kama Bawon Samdi, mwenye makaburi. Gede si wa kutisha tu. Ni watani, husema maneno ya ufidhuli, hucheka kifo usoni, na huombwa uzazi na kinga ya watoto. Kwa hiyo fuvu katika mkabala huu ni kichwa cha mzazi kinachofanya mzaha na wajukuu zake. Mhakiki anayejua utani wa mazishini katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ambapo mtani huruhusiwa kuwatania wafiwa mbele ya maiti, hataona ajabu.

Kiswahili kinampa mhakiki nyenzo nyingine. Katika Vodu husemwa kwamba pepo humpanda mtu, na mtu aliyepandwa huitwa farasi wa pepo. Waswahili nao husema mtu amepandwa na pepo, na mtu huyo wakamwita kiti. Farasi na kiti ni tamathali tofauti, lakini zote mbili zinajibu swali moja: nani amemkalia nani? Aidha, katika Krioli ya Haiti, hirizi au kago huitwa wanga, neno linalohusishwa na lugha za Kongo, walikotoka wengi wa mababu wa Wahaiti. Mswahili anayemjua mwanga, na anayejua maana ya kuwanga, hahitaji mkalimani mrefu. Ukaribu huu wa msamiati unaonyesha kwamba sehemu ya urithi ulioadhimishwa Kassel ilisafiri kutoka katika familia ya lugha za Kibantu. Inashangaza, basi, kwamba uliadhimishwa bila wahakiki wa Kibantu kuusemea.

Uteuzi wa kanisa uliipa kazi hiyo makali. Kanisa Katoliki nchini Haiti liliendesha kampeni za kuung'oa Vodu, na iliyokumbukwa zaidi ni ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1940, ambapo vyombo vya ibada viliteketezwa na miti mitakatifu ikakatwa. Serikali ya Haiti iliutambua Vodu kuwa dini rasmi mwaka 2003 tu. Sanamu za Gede kusimama katika kanisa la Kikatoliki, kwa ridhaa ya wenye kanisa, ni kauli ambayo haingeweza kutolewa katika ukumbi wa kawaida wa sanaa. Mahali pamekuwa sehemu ya maana, kama vile mandhari yanavyokuwa sehemu ya maana katika riwaya.

Hata hivyo, maonyesho hayo yalikuwa na udhaifu. Kanisa liliwasaidia walioijua historia hiyo. Kwa wasioijua, liliongeza tu mazingira ya kutisha. Pasipo sauti ya kueleza utani wa Gede, mafuvu yalibaki kwenye hatari ya kuthibitisha dhana zile zile ambazo wasanii walinuia kuzibomoa.

5.0 Mabati na Visu

Wajukuu walibadilisha mlango wa ukumbi wao kuwa njia nyembamba ya mabati yaliyoshika kutu, iliyokumbusha vichochoro vya Mukuru na pia umbo la manyatta ya Kimaasai. Aliyetaka kuziona kazi za ndani alilazimika kwanza kuipita njia hiyo. Kazi hiyo ilisifiwa sana, na mwaka huo huo kundi lilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode.

Kipimo kilichopendekezwa hapo juu kinaonyesha pengo katika njia hiyo ya mabati. Maana yake inategemea ugeni wa anayeipita. Mkazi wa Kassel alipoingia alihisi bana na giza. Mkazi wa Mukuru kwa Njenga akiingia atahisi kwamba yuko njiani kwenda nyumbani. Kazi ikirudishwa Lunga Lunga inageuka kuwa kichochoro. Hili halifanyi iwe kazi mbaya, ila linaifanya kuwa kazi ya upande mmoja: inamzungumzia mwenyeji kwa mgeni, lakini haimsemeshi mwenyeji. Yafaa kukumbuka pia kwamba miezi michache kabla, mabati ya kwa Njenga yalikuwa yamelazwa chini na matingatinga. Bati lililoheshimiwa Kassel lilikuwa limedharauliwa Nairobi. Kinaya hicho kina uzito mkubwa, lakini kilitokana na historia zaidi kuliko umbo la kazi yenyewe.

Hali ni tofauti kwa kazi ya Ngugi Waweru iliyoundwa kwa visu vilivyolika kwa kunolewa mara nyingi. Waweru aliipa jina la methali ya Kikuyu isemayo, kwa maana, kwamba kisu kikali mno humkata mwenyewe. Hapa msanii ametumia mbinu ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi anaijua: methali imetwaliwa ikapewa mwili. Visu vyenyewe vina wasifu. Kila kimoja kilikuwa cha jikoni au cha buchari, kikanolewa siku baada ya siku hadi kikabaki wembamba wa jani. Kadiri kilivyoongezwa makali, ndivyo kilivyopunguzwa uhai.

Methali hiyo ikiwekwa sambamba na ya Kiswahili, maana hupanuka. Waswahili husema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali ya kwanza inaonya na ya pili inahimiza. Mkazi wa Mukuru anaishi kati ya methali hizo mbili. Kila asubuhi anahimizwa kunoa: asome, ajiendeleze, awahi langoni mwa kiwanda kabla ya wenzake. Na kila siku kunoa huko kunamla, huku nyama ikiliwa na mwingine. Kazi hii haihitaji ugeni wa mtazamaji. Ikitundikwa Lunga Lunga, mama ntilie na mwuza nyama watakuwa wahakiki wake wa kwanza, na huenda wakawa wahakiki bora kuliko wale wa Kassel, kwa kuwa wanajua kisu cha namna ile hutupwa lini. Kwa kipimo cha makala haya, visu vya Waweru vinapita njia ya mabati.

6.0 "Wakija Kwetu"

Miongoni mwa kazi za Wajukuu za mwaka huo ni filamu iliyoitwa Wakija Kwetu. Jina hilo linastahili kuangaliwa kisarufi. Kiambishi -ki- katika Kiswahili kina utata: kinaweza kuwa cha sharti, yaani endapo watakuja, na kinaweza kuwa cha wakati, yaani pindi wanapokuja. Katika usomaji wa kwanza kuna mwaliko usio na hakika. Katika wa pili kuna mazoea: watu huja Mukuru, watafiti, wafadhili, wapiga picha, wanasiasa, na matingatinga. Jina halisemi ni akina nani watakaokuja, wala kitakachotokea wakifika. Kwa neno kwetu, msemaji amejiweka kama mwenyeji mahali ambapo sheria mara nyingi imemhesabu kuwa mvamizi.

Jina la kundi nalo lina uzito huo huo. Mjukuu ni mtu anayetambulika kwa kuwa na babu au nyanya. Katika mtaa ambao mara nyingi husemwa kuwa hauna historia, kujiita wajukuu ni kudai nasaba. Hapa ndipo Mukuru inapokutana na Grand Rue kwa ndani kabisa. Mhaiti anasimamisha fuvu, aonyeshe babu. Mtu wa Mukuru hana fuvu la kusimamisha, kwa maana babu yake amezikwa kijijini mbali na mji. Anajitaja mwenyewe kuwa mjukuu, na babu anadokezwa na neno. Mmoja anarithi kwa kitu, mwingine anarithi kwa lugha. Haikosi maana kwamba kundi la Haiti limeandika jina lake kwa tahajia ya Krioli na si ya Kifaransa, wakati Wajukuu wamechagua Kiswahili na si lugha ya kabila moja. Makundi yote mawili yamejitaja kwa lugha iliyozaliwa au kukuzwa na mchanganyiko wa watu.

Mkutano huu wa Kassel una umuhimu mwingine uliojitokeza baadaye. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha ujumbe wa kimataifa wa kukabiliana na magenge nchini Haiti, Kenya ikiwa kiongozi wake. Polisi wa kwanza wa Kenya walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni Nairobi na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Tangu hapo, jina la Haiti lilipotajwa nchini Kenya, lilitajwa zaidi pamoja na bunduki. Raia wengi wa Kenya hawakupata kuambiwa kwamba miaka miwili kabla ya askari wao kufika huko, wasanii wa Mukuru walikuwa wamekwisha kushiriki maonyesho mamoja na wasanii wa Grand Rue, kila upande ukiwa mgeni, na hakuna aliyetumwa kumtuliza mwenzake.

Lawama ya kutojua huko haiwezi kuwekwa juu ya vyombo vya habari peke yake. Huko Ulaya, mjadala wa maonyesho hayo ulimezwa na mgogoro kuhusu bango la kundi la Taring Padi la Indonesia, lililoshutumiwa kuwa na taswira za chuki dhidi ya Wayahudi na kuondolewa. Mjadala huo ulikuwa wa lazima, lakini uliacha nafasi ndogo ya kuzisoma kazi nyingine. Nafasi hiyo ingeweza kujazwa na uhakiki wa Afrika Mashariki. Uhakiki wa Kiswahili unazo nyenzo: methali, nasaba za maneno, nadharia ya utani, uchanganuzi wa viambishi. Umezoea tu kuzitumia kwa maandishi na masimulizi, ukawaachia wengine kazi za mikono.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuyasoma maonyesho mawili ya mwaka 2022 kwa jicho la Mukuru na kwa zana za Kiswahili. Imebainika kwamba malighafi iliyotupwa haielezi kazi; inayoieleza ni kaida ya jamii inayoijua malighafi hiyo. Mafuvu ya Grand Rue yanaeleweka kwa utani wa Gede, na visu vya Mukuru kwa methali. Imebainika pia kwamba kazi za makundi haya hazilingani ubora. Zile zinazotegemea mshangao wa mgeni zina nguvu kwa muda wa ziara. Zile zinazoweza kurudi nyumbani zina nguvu ya kudumu.

Mnamo 1968 swali lililoulizwa chuoni Nairobi lilikuwa ni fasihi gani ikae katikati ya mtaala na ipi iwekwe pembeni. Swali hilo bado linadai jibu kwa sanaa zisizoandikwa. Kutoka kumbi za mihadhara za Nairobi hadi Lunga Lunga ni safari ya matatu moja au mbili. Visu vilisafiri hadi Kassel kabla ya kupata mhakiki katika safari hiyo fupi. Utafiti utakaofuata hauna budi kuanzia huko, kwa kuwauliza wenye visu wenyewe wanaviita nini.